Mita Ngapi za Uzio? Historia ya Kupima Mzingo, Kutoka Mraba Hadi Duaradufu

Chomeka vigingi viwili ardhini, viachane kwa mita 8. Chukua kamba, funga ncha zake upate kitanzi chenye urefu wa mita 18, kisha kitupie kizunguke vigingi vyote viwili. Tia kijiti ndani ya kitanzi, kivute mpaka kamba ikaze, halafu anza kuzunguka huku kijiti kikikwaruza udongo. Ukirudi pale ulipoanzia, utakuwa umechora duaradufu safi kabisa lenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 6. Mafundi wa bustani wamelichora hivyo tangu zamani, na fundi ambaye hakupita shule hulichora sawasawa na mhandisi.

Sasa unataka kuizungushia bustani hiyo uzio wa waya. Unafika dukani, muuzaji anakuuliza: mita ngapi?

Ingekuwa bustani ya mstatili wa mita 10 kwa 6, mtoto wa shule ya msingi angejibu bila kalamu: jumlisha urefu na upana, zidisha kwa mbili, mita 32. Ingekuwa duara lenye kipenyo cha mita 10, angezidisha kwa 22/7 na kupata mita 31 na ushei. Lakini kwa duaradufu hakuna kanuni fupi ya namna hiyo inayotoa jibu kamili. Si kwamba haijapatikana bado. Imethibitishwa kwamba haiwezi kuwapo. Umbo ambalo kamba hulichora kwa dakika mbili limewahangaisha wanahisabati kwa zaidi ya miaka 2,000, na katika mahangaiko hayo ndipo binadamu alipojifunza kuliheshimu jibu la karibu.

Siku za kamba

Umbo lenye pande zilizonyooka halina siri. Mraba, mstatili, pembetatu, hata kiwanja cha pande saba zisizolingana, vyote hupimwa upande mmoja mmoja na kujumlishwa. Ndivyo walivyofanya wapimaji wa Misri ya kale, waliorudi mashambani kila mafuriko ya Nile yalipofuta mipaka. Wagiriki waliwaita kwa jina la kazi yao: wanyoosha kamba.

Taabu huanza mstari unapopinda. Katika hesabu zao nyingi, Wababeli walichukulia kuwa mzingo wa duara ni mara tatu ya kipenyo chake, ingawa kibao cha udongo kilichofukuliwa Susa mwaka 1936 kinaonyesha kuwa walijua pia kipimo bora zaidi, 3 na 1/8. Kitabu cha Wafalme katika Biblia kinaeleza birika kubwa la shaba la Hekalu la Suleimani kwa kipimo kile kile cha tatu: mikono 10 kutoka ukingo hadi ukingo, na mikono 30 kulizunguka. Mkono huo, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, ndiyo dhiraa ambayo wafanyabiashara wa pwani yetu waliitumia kupimia nguo. Huko Misri, mwandishi aliyeitwa Ahmose alinakili kwenye mafunjo, yapata mwaka 1650 KK, njia ya kupata eneo la duara ambayo ndani yake imefichwa namba 3.16. Mafunjo hayo sasa yamo British Museum, London.

Waliotangulia walitoa namba tu. Aliyebadilisha mchezo ni Archimedes wa Syracuse, katika karne ya 3 KK. Alichora umbo la pande 6 ndani ya duara na jingine nje yake. Mzingo wa duara ni lazima uwe mrefu kuliko ule wa ndani na mfupi kuliko ule wa nje. Kisha akaongeza pande: 12, 24, 48, hadi 96. Kila hatua, ukuta wa ndani na wa nje ulizidi kukaribiana. Alipoacha, alikuwa ameonyesha kuwa namba inayotafutwa, ambayo leo tunaiita pai, ni kubwa kuliko 3 na 10/71 na ndogo kuliko 3 na 1/7. Ile 22/7 ya darasani ndiyo ukuta wake wa nje.

Archimedes hakudai kuijua namba yenyewe; alidai kujua imefungiwa wapi. Kukadiria bila kujua ukubwa wa kosa ni kubahatisha. Kukadiria huku kosa likiwa ndani ya uzio ni elimu.

Mbio za pande

Kwa karne nyingi zilizofuata, mataifa yalishindana kuongeza pande. China, mwaka 263 BK, Liu Hui alifika umbo la pande 3,072 na kupata 3.1416. Miaka 200 baadaye, Zu Chongzhi alitoa sehemu 355/113, ambayo ni sahihi hadi tarakimu ya sita baada ya nukta. India, mwaka 499, Aryabhata aliandika kuwa duara lenye kipenyo cha 20,000 lina mzingo unaokaribia 62,832. Alisema wazi kuwa ni kukaribia tu. Katika karne ya 9, al-Khwarizmi wa Baghdad, ambaye jina lake ndilo lililozaa neno algorithimu, aliweka katika kitabu chake cha aljebra vipimo vitatu pamoja, 22/7 kikiwamo, ili kila mtu achukue kinachofaa kazi yake.

Aliyewapita wote hao ni Jamshid al-Kashi wa Samarkand. Mwaka 1424 aliandika risala nzima kuhusu mzingo. Hakuanza na hesabu. Alianza kwa kujiuliza anahitaji usahihi wa kiasi gani. Akaamua kwamba, akipima mzingo wa ulimwengu wote kama ulivyodhaniwa enzi zake, kosa lisizidi unene wa unywele wa farasi. Kutokana na sharti hilo akajua anahitaji umbo la pande 805,306,368, na akapata tarakimu 16 sahihi baada ya nukta. Mholanzi Ludolph van Ceulen alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kufika tarakimu 35. Alipofariki mwaka 1610, zilichongwa kwenye kaburi lake mjini Leiden.

Kumbe njia fupi ilikuwa imeshapatikana Kerala, kusini magharibi mwa India, pwani ambayo majahazi yaliifikia kutoka kwetu kwa upepo wa kusi. Huko, Madhava, aliyeishi hadi mapema karne ya 15, alikuwa ameacha kuhesabu pande. Alijumlisha na kutoa sehemu zinazozidi kuwa ndogo, moja baada ya nyingine, bila mwisho. Haba na haba ya namna hii haina kikomo, lakini kibaba chake hakifuriki: jumla huzidi kulikaribia jibu. Mbinu hiyo ndiyo itakayokuja kuliokoa duaradufu.

Kwa nini nyumba ya msonge ni ya duara

Tutue kidogo, kwa sababu mzingo na eneo ni ndugu wanaochanganywa mara nyingi. Hadithi ya kale inasema kwamba Dido, malkia mkimbizi aliyetua Afrika ya Kaskazini, aliahidiwa ardhi inayotosha ngozi moja ya ng'ombe. Akaikata ngozi kuwa uzi mrefu mwembamba, akauzungusha, na ndani yake ukaanzishwa mji wa Carthage. Fumbo lililomo ni hili: kwa kamba ya urefu mmoja, umbo gani linazingira eneo kubwa kuliko yote?

Jibu ni duara. Ukiwa na ukuta wa mita 20, mraba hukupa mita za mraba 25; duara hukupa karibu 32. Mjenzi wa nyumba ya msonge hupata nafasi kubwa kwa miti na udongo kidogo. Uthibitisho kamili wa jambo hilo haukupatikana hadi karne ya 19. Na ndiyo maana mzingo wa duaradufu daima ni mrefu kuliko wa duara lenye eneo sawa nalo. Bustani yetu ina eneo sawa na duara lenye mzingo wa mita 24.33. Basi, kabla ya hesabu yoyote, tunajua waya lazima uzidi hapo.

Umbo lisilo na pai moja

Wagiriki walilijua duaradufu vizuri. Ukikata umbo la pia kwa mshazari, mkato ni duaradufu. Apollonius wa Perga, karibu mwaka 200 KK, aliandika juu ya mikato hiyo vitabu nane, na jina alilolitumia, ambalo Ulaya inalo hadi leo, lina maana ya upungufu. Alizijua tabia zake nyingi. Mzingo wake ndio uliobaki gizani.

Sababu ni hii. Maduara yote ni umbo moja, makubwa kwa madogo. Ukipata uwiano wa mzingo na kipenyo mara moja, umemaliza kazi ya maduara yote duniani. Maduaradufu hayafanani. Kuna linalokaribia kuwa duara, na kuna lililobanwa kama ganda la mbegu ya tikiti. Kila kiasi cha kubanwa kina uwiano wake. Duara lilihitaji pai moja. Duaradufu linadai pai zisizohesabika.

Mmoja wa wa kwanza kuthubutu kuandika kanuni yake ni Mahavira, mwanahisabati wa Kijaini wa kusini mwa India, yapata mwaka 850. Tuite nusu ya urefu a na nusu ya upana b. Kwa bustani yetu ni 5 na 3. Mahavira alisema: chukua 16 mara kipeo cha pili cha a, jumlisha 24 mara kipeo cha pili cha b, tafuta kipeuo cha pili. Bustani yetu inapata mita 24.82. Jibu halisi, kama tutakavyoona, ni 25.53. Alipungukiwa sentimita 71, na kwa mtu aliyetembea peke yake gizani, hilo si kosa la kuchekwa.

Mwaka 1609 swali liliacha kuwa la bustani. Mjerumani Johannes Kepler alitangaza kwamba Mirihi haizunguki Jua kwa duara, bali kwa duaradufu. Ghafla mbingu zenyewe zikawa zinaenda kwenye njia ambayo hakuna aliyeweza kuipima urefu. Kepler alijua kuwa jibu lazima lizidi duara lenye eneo sawa, kwa hiyo akachukua wastani wa nusu mbili, a na b, akauzidisha kwa pai mara mbili. Bustani yetu: mita 25.13. Pungufu ya sentimita 39.

Wakati huo wenye hekima walikuwa wamekata tamaa. Mwaka 1637 Mfaransa René Descartes aliandika kwamba uwiano kati ya mistari iliyonyooka na iliyopinda hauwezi kujulikana na akili ya binadamu. Miaka 20 tu ikapita. Mwaka 1657 kijana wa Kiingereza, William Neile, alipima kikamilifu urefu wa mstari mmoja uliopinda, na mwaka uliofuata Christopher Wren, msanifu atakayejenga upya Kanisa Kuu la St Paul's, alionyesha kuwa tao linalochorwa na nukta kwenye ukingo wa gurudumu linalobingirika lina urefu wa mara nne kamili ya kipenyo cha gurudumu hilo. Hata pai haimo ndani yake! Mistari iliyopinda ilianza kutii mmoja baada ya mwingine. Duaradufu likakataa.

Haba na haba

Kalkulasi ya Newton na Leibniz ilileta silaha mpya: kata mstari vipande vidogo kupita kiasi, vijumlishe. Kwa duaradufu, jumla hiyo ni rahisi kuiandika lakini haifunguki kuwa kanuni fupi. Kilichowezekana ni mfululizo kama wa Madhava. Mskoti Colin Maclaurin alichapisha mmoja mwaka 1742, na mwenzake James Ivory akatoa ulio mwepesi zaidi katika miaka ya 1790.

Tazama unavyofanya kazi. Anza na jibu la Kepler, mita 25.1327. Gawa tofauti ya a na b kwa jumla yao: 2 kwa 8, ni robo. Kipeo chake cha pili ni 1/16. Robo ya hiyo ni 1/64, basi ongeza 1/64 ya jibu la Kepler: sentimita 39 zaidi. Hatua inayofuata huongeza milimita moja na nusu tu. Ya tatu huongeza sehemu ya milimita isiyoonekana kwa macho. Hatua tatu, na umefika mita 25.527. Ungeweza kuendelea milele, ila hakuna duka linalouza waya kwa kipimo hicho.

Leonhard Euler, Mswisi aliyeandika hesabu kama watu wanavyopumua, alitoa kanuni fupi ya mkato: zidisha pai mara mbili na kipeuo cha pili cha wastani wa vipeo vya pili vya a na b. Bustani yetu inapata mita 25.91, imezidi sentimita 38. Kepler yuko chini daima, Euler yuko juu daima. Bila kukusudia, wawili hao wamelijengea duaradufu uzio wa Archimedes, ukuta wa ndani na wa nje.

Tarehe 23 Desemba 1751, Euler alikabidhiwa Berlin vitabu vya Mwitalia Giulio Fagnano, vilivyokuwa na mbinu za ajabu za kulinganisha matao ya mistari iliyopinda. Alizikuza, Mfaransa Legendre akatumia miongo kadhaa kuzipanga na kuzitengenezea majedwali, na mwishoni mwa miaka ya 1820 Abel wa Norway na Jacobi wa Ujerumani wakazigeuza kuwa tawi zima la hisabati. Abel alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1829 akiwa na miaka 26. Kisha, katika miaka ya 1830, Joseph Liouville akathibitisha lililoshukiwa siku nyingi: hesabu hizo haziwezi kufunguka kuwa kanuni ya kawaida. Mlango ulifungwa kwa uthibitisho, wala si kwa kukata tamaa kama alivyofanya Descartes.

Mita yenyewe ilizaliwa na duaradufu

Wengi hudhani hizi ni anasa za wasomi. Lakini hata mita tunayopimia uzio imetokana na mzingo wa duaradufu.

Katika miaka ya 1730 misafara ya Kifaransa ilikwenda Lapland na katika nchi za Andes kupima umbo la Dunia, na ikaonekana kuwa Newton alisema kweli: Dunia imebonyea kwenye ncha zake. Ikweta ni duara, lakini mstari unaopita ncha ya kaskazini na ya kusini ni duaradufu. Mwaka 1791 Wafaransa wakaamua kuwa mita iwe sehemu moja ya milioni 10 ya robo ya duaradufu hilo, na Delambre na Méchain wakatumia miaka ya 1792 hadi 1798 kupima kipande chake kutoka Dunkerque hadi Barcelona. Robo hiyo kwa hakika ni karibu kilomita 10,002. Mita ikazaliwa fupi kwa takriban sehemu moja ya tano ya milimita, na ikabaki hivyo.

Anayesimama kwenye kibao cha ikweta pale Nanyuki, Kenya, yuko kwenye duara la kilomita 40,075. Akigeukia kaskazini na kuizunguka Dunia kupitia ncha zote mbili, atafuata duaradufu la kilomita 40,008, pungufu kilomita 67. Ramani nyingi za upimaji za Kenya, Uganda na Tanzania zilijengwa juu ya mfumo uitwao Arc 1960, ambao msingi wake ni duaradufu la Dunia lililokokotolewa na Mwingereza Alexander Ross Clarke mwaka 1880.

Karani wa Madras na mkimbiaji wa kona

Kanuni fupi iliyo bora ilitoka kwa mtu asiyekuwa na shahada. Srinivasa Ramanujan, aliyekuwa karani wa bandari ya Madras, alifika Cambridge mwaka 1914, na mwaka huo huo akachapisha hii: chukua mara tatu ya jumla ya a na b, ambayo kwetu ni 24. Zidisha 3a + b kwa a + 3b, yaani 18 kwa 14, upate 252. Kipeuo chake cha pili ni 15.8745. Toa kwenye 24, zidisha na pai. Jibu ni mita 25.52699. Limekosea kwa kiasi cha moja ya mia ya milimita, wembamba kuliko unywele, na al-Kashi angelipokea kwa mikono miwili. Ramanujan mwenyewe aliandika kwamba aliipata kwa kujaribu. Hata duaradufu likibanwa mpaka likawa kama fito, kanuni hiyo haikosei zaidi ya nusu ya asilimia moja.

Wahandisi, kwa upande wao, mara nyingi hulikwepa duaradufu. Uwanja wa riadha, ambao wengi huuita duaradufu, sio. Ni mistari miwili iliyonyooka ya mita 84.39, iliyounganishwa na nusu duara mbili zenye nusu kipenyo cha mita 36.50. Njia ya kwanza hupimwa sentimita 30 kutoka ukingo wa ndani, na hesabu hutoka mita 400 barabara. Kwa nusu duara, kila njia inayofuata nayo hupimika kwa kanuni ya darasani. Ndiyo maana mkimbiaji wa njia ya pili katika mbio za mita 400 huanza mita 7.04 mbele ya yule wa njia ya kwanza. Lingekuwa duaradufu, njia zinazokwenda sambamba nalo zisingekuwa maduaradufu tena, na waamuzi wangehitaji mwanahisabati pembeni. Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974 huko Christchurch, mzunguko wake ulikuwa na urefu usio na ubishi kwa sababu mchoraji wa uwanja alichagua umbo linalopimika.

Basi historia hii ndefu inaacha njia mbili za heshima: chagua umbo unaloweza kulipima kikamilifu, au lipime lile unalolitaka kwa kukaribia, ukijua umekosea kwa kiasi gani. Isiyo na heshima ni ya tatu, ya kutaja namba moja kwa kujiamini bila kujua kosa lake liko wapi. Hiyo ndiyo inayomrudisha mtu dukani mara ya pili kwa sababu ya sentimita 39.

Kwa bustani yako, omba mita 26. Sentimita 47 zitakazobaki zitatosha kufungia ncha.